Sindano ya Nangobi

Nimestaafu, lakini miguu yangu bado haijapata habari. Kila alfajiri inanishusha kitandani hapa Malukhu, Mbale, na kunifikisha mlangoni, ndipo nakumbuka kwamba hakuna wodi inayoningoja. Narudi, nachemsha chai na kuinywa ingali moto, anasa ambayo sikuwa nayo miaka yote ya kazi. Siku mliyoniaga, wauguzi wangu, mliniomba niwaandikie mawaidha. Mawaidha yangu mmeshayasikia mara nyingi nikiyapigia kelele kwenye korido, kwa hiyo nitawaandikia kelele hizo zilitoka wapi. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilichelewa, na mishahara mnaijua wenyewe.

Nilizaliwa Jinja, Walukuba, kwenye nyumba za wafanyakazi wa viwanda. Baba alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo. Babu alikuwa askari, na wazee wake waliletwa huku kutoka Sudan wakibeba bunduki za watu wengine. Sisi ni Wanubi, Waislamu, na kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya kuitana, kugombana na kuombana radhi. Kisoga nilikiokota uwanjani nikicheza na watoto wa majirani. Nawaambia haya mapema kwa sababu tutayahitaji mbele.

Siku yangu ya kwanza wodini nilipokewa na Sista Kagoya, Msoga mfupi mwenye sauti ndogo, msimamizi wa wodi ya wanawake katika hospitali niliyoanzia kazi. Nilitegemea anipe mgonjwa. Alinipa sufuria ya kuchemshia sindano na jiwe la kunolea. Enzi hizo mabomba ya sindano yalikuwa ya kioo na sindano zenyewe zilirudiwa mpaka zikawa butu, kwa hiyo mwanafunzi alizinoa, akazipitisha kwenye pamba kuona kama zinakwaruza, kisha akazichemsha. Nilinoa wiki nzima. Nyinyi mnaofungua sindano mpya kutoka kwenye karatasi yake na bado mnalalamika kwamba karatasi ni ngumu kuchanika, nawapenda, lakini msinililie mimi.

Wiki ya pili akanipa kopo la vidonge na kuniambia nisome lebo. Nikasoma. Akaniambia nisome tena. Nikasoma. Nilipolirudisha kabatini akaniita nilisome mara ya tatu. "Ukichukua, unasoma. Ukitoa, unasoma. Ukirudisha, unasoma," alisema. "Macho yako yatakwambia yameona. Usiamini macho yako." Kisha akaukunjua mkono wangu na kunihesabia kwenye vidole: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kiasi sahihi, njia sahihi, saa sahihi. Mgonjwa alimpa kidole gumba. Nilimuuliza kwa nini gumba. Akaniambia nijaribu kushika kikombe bila gumba.

Mwanamke huyo ndiye aliyenifundisha kwamba kila dawa mwilini ina safari yake. Inaingia, inazunguka, inafanya kazi, halafu ini na figo zinaitoa. Mtu mwenye figo mbovu ukimpa dozi ya mtu mwenye figo nzima, dawa ya jana bado ipo wakati ya leo inaingia. Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa. Hayo yote yamo vitabuni mwenu. Yeye aliyasema kwa maneno yake, tukiwa tumesimama mbele ya kabati la dawa: "Hii dawa iko na saa yake. Wewe hujui saa yake, wewe hujui dawa."

Kisha vita vikaja, vile vya kuiondoa serikali ya kijeshi. Siwezi kuwaeleza habari za majeshi, sikuwa jeshini. Ninachojua ni kilichotokea kwenye kabati langu. Klorokwini ya malaria iliisha kwanza, ikafuata pamba, kisha karatasi. Dripu za sukari zilibebwa na watu waliovunja stoo, na friji ikabebwa pia. Jinja ndiyo yenye bwawa lililowasha taa za nchi nzima, na sisi tulihifadhi insulini kwenye chungu kilichozikwa katika mchanga wenye maji. Kwa kuwa karatasi hazikuwepo, jina la mgonjwa na dawa zake viliandikwa kwenye kipande cha plasta, na plasta ikabandikwa kwenye chuma cha kitanda.

Sehemu ya hayo sikuwepo kuyaona. Majeshi ya serikali yalipokimbia, watu walianza kuwatafuta waliokula nao, na kwa wengi jina la Kinubi lilitosha kuwa ushahidi. Nyumba mbili za mtaa wetu zilikuwa tupu ndani ya juma moja. Baba, ambaye hakuwahi kushika bunduki maishani mwake, alituambia tukae ndani na tusijibu tukibishiwa hodi. Nilikaa ndani wiki tatu. Niliogopa. Sioni haya kuliandika hilo.

Asubuhi moja ikabishwa hodi na hatukujibu. Sauti ndogo ikasema nje, "Hawa, mimi Kagoya. Fungua, mvua inaninyeshea." Alikuwa ametembea kwa miguu, amevaa sare yake nyeupe na kofia juu. Alimwambia baba kwamba ana wagonjwa arobaini na wauguzi watatu. "Mzee, kama unangoja amani ndiyo umtoe mtoto, mimi siwezi kungoja. Nitaenda naye mimi mwenyewe na nitamrudisha mimi mwenyewe." Baba akaniambia nikavae.

Tulifuatana njia nzima. Tulipokaribia geti la hospitali, palipojaa watu, nilifungua kibandiko cha jina kifuani mwangu na kukitia mfukoni. Sista Kagoya aliona, akageuza uso upande mwingine.

Wodi ilikuwa imejaa nyuso nisizozijua. Bati lilivuja mahali pengi na mvua ilikuwa bado inanyesha. Sista Kagoya alinipa trei ya sindano za asubuhi, akaenda kushughulika na mama aliyekuwa anavuja damu mwisho wa wodi. Kwenye trei kulikuwa na insulini ya mgonjwa mmoja tu, kitanda namba tisa, jina Nangobi. Ilikuwa ya aina mbili katika bomba moja: ile angavu, inayoanza kazi upesi na kuisha upesi, na ile ya mawingu, inayoanza polepole na kufanya kazi mchana kutwa. Nilivuta angavu kwanza, kisha ya mawingu, kama nilivyofundishwa. Nilisoma lebo mara tatu. Niliangalia alama za bomba mara mbili. Vidole vinne vya mkono wangu vilikuwa safi kabisa.

Kwenye kitanda namba tisa alilala mwanamke kijana aliyejifunika shuka mpaka kidevuni. Plasta ya kitanda ilisema Nangobi. Nilikuwa na haraka, nilikuwa na hofu, na Kiswahili kikanitoka chenyewe, kikavu.

"Wewe ni Nangobi?"

Alinitazama sare, akanitazama mdomo. "Ndiyo, afande," akasema.

Nikamchoma.

Nilikuwa vitanda vitatu mbele niliposikia mtu akiniita. Mama wa makamo, mnene, kitambaa cha kuogea begani, alikuwa amesimama mlangoni akipangusa maji usoni. "Sista, na mimi je? Sindano yangu ya sukari iko wapi? Kila siku mnanichoma saa hii." Nikamuuliza anaitwa nani. Alikuwa Nangobi. Kitanda cha mwenzake kilinyeshewa, akamwambia ajilaze kwenye chake wakati yeye anaenda kuoga. Mwenzake aliitwa Mutesi, na alikuja hospitali kupasuliwa jipu la paja. Jipu lilikuwa linapona na saa nane mchana angekwenda kwao. Alikuwa mzima. Hakuwa na haja ya insulini hata tone.

Sasa nawaambia sehemu ambayo sikuwahi kuisema kwenye semina. Sikukimbia kwa Sista Kagoya. Nilisimama na trei mikononi nikahesabu nani ameona. Hakuna aliyeona. Nilijiambia nitamletea uji, atakula, sukari haitashuka sana, na jambo litaisha kimya kimya. Nikawaza watu wa getini. Nikawaza baba. Kama mwanamke huyu angekufa, kule nje wasingesema muuguzi amekosea. Wangesema Mnubi ameua, na siku hiyo hiyo wangekuja Walukuba.

Uji haukuwepo, kwa sababu kuni zilikuwa mbichi. Niliendelea na mzunguko nikimchungulia kila dakika. Zaidi ya saa moja ilipita. Kisha nikamwona anajifuta jasho, na wodi ilikuwa ya baridi. Akaanza kuzungumza na mtu asiyekuwepo. Nilipomshika mkono ulikuwa unatetemeka na umelowa. Ndipo nikapiga kelele kuita Sista Kagoya, nikisema mgonjwa anaishiwa nguvu, na sukari, sukari, nani ana sukari? Sukari katika mji ule, uliozungukwa na mashamba ya miwa, ilikuwa ikinong'onwa tu.

Nangobi alijikohoza. Aliinama kwa shida, akaingiza mkono chini ya godoro, akatoa muwa. Muwa mzima, uliokatwa vipande vitatu, kimoja kimeshang'atwa. Mgonjwa wa kisukari! "Msinitazame hivyo," alisema. "Huwa nanusa tu."

Sista Kagoya hakuwa na nafasi ya kumgombeza. Alimgeuza Mutesi ubavu, akamgusa koo, akamwita kwa jina, akamwambia ameze mate. Mutesi akameza. "Bado anameza. Ponda." Nilimenya, nikaponda kwenye kinu cha vidonge, nikakamua kwa kitambaa cha shashi, naye akampa matone kidogo kidogo ndani ya shavu, akimwangalia koo kila mara. Asingekuwa anameza, lile tone lingeingia mapafuni na tungemuua mara ya pili. Likumbukeni hilo mnapoona watu wanamlazimisha mtu aliyezirai kunywa soda.

Haikuchukua muda mrefu. Mutesi alifumbua macho na kuuliza kwa Kisoga kwa nini uso wake unanata. Wodi ikacheka. Nangobi akashangilia kuliko wote, akadai muwa wake uandikwe kwenye orodha ya dawa. Sista Kagoya akasema ni njaa, mwanamke huyu hajala tangu jana, apewe viazi, na saa nane aende kwao kama ilivyopangwa. Kila mtu akakubali kwamba ni njaa. Nilikuwa nimeokoka. Mlango ulifunguka wenyewe na mimi nilichotakiwa kufanya ni kutoka.

Lakini nilikuwa nimefundishwa saa za dawa. Mutesi alikuwa ameamka kwa sababu sukari ya muwa ilikimbizana na insulini angavu. Ile ya mawingu ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Ingemkuta saa nane akiwa njiani na mguu wake mbovu, au jioni amelala kwao, na kila mtu akidhani amepumzika. Wala hakuna ambaye angejua kumpa kitu, kwa kuwa mimi pekee ndiye niliyejua. Nilimtazama akila kiazi. Alikuwa na umri wangu.

Nikamfuata Sista Kagoya chumba cha dawa, nikafunga mlango, nikamwambia.

Nilitegemea kofi. Aliniuliza maswali matatu tu. "Saa ngapi? Ya aina gani? Kiasi gani?" Nikajibu, yuniti nane za angavu na ishirini za mawingu. Akafumba macho akihesabu. "Haendi nyumbani leo. Kila saa unampa juisi ya muwa, na katikati viazi, maana muwa unawaka haraka unazimika haraka. Unakaa kwake mpaka kesho asubuhi. Mimi nitamwambia daktari." Kisha akanisogezea kitabu cha ripoti, ambacho kilikuwa kimebakiza kurasa chache. "Andika."

"Sista, watu wakikisoma?"

"Andika. Kwa jina lako. Watakaokuja zamu ya jioni watajuaje kama wewe hujaandika?" Niliandika saa, dawa, kiasi na kosa, kisha Hawa Farajalla, jina lote. Alichukua kalamu akatia sahihi yake chini ya yangu, akapiga mstari. "Sasa wakikutafuta watanikuta na mimi," alisema. Halafu akachomoa kibandiko kutoka mfukoni mwangu na kukirudisha kifuani. "Na yeye utamwambia wewe mwenyewe. Kwa Kisoga."

Nilimwambia. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda na kumwambia kwamba nilimchoma dawa isiyo yake, kwamba kosa ni langu, na kwamba sitaondoka hapo. Hakukasirika. Alitafuna kiazi chake, mpaka nikafikiri hakunielewa.

"Nilijua hilo si jina langu," alisema mwishowe. "Askari walikuja kwetu. Walimuuliza mume wangu kwa Kiswahili, wewe ni fulani? Akasema hapana, si mimi, na kweli hakuwa yeye. Wakampiga kwa kusema hapana, wakaondoka naye. Tangu siku hiyo mtu akiniuliza kwa Kiswahili, mimi nasema ndiyo."

Nililia mbele ya mgonjwa, jambo ambalo Sista Kagoya alikataza. Mutesi ndiye aliyenipa pembe ya shuka nijifute. Sukari yake ilishuka mara mbili mchana ule, saa tisa na tena jua likizama, na mara zote mbili tulikuwa tayari na muwa, kwa sababu zamu ya jioni ilikuwa imesoma. Asubuhi yake aliamka akiwa na njaa na akaomba chochote isipokuwa kitu kitamu. Siku ya pili alitoka akichechemea, mzima. Nilimsindikiza mpaka getini nikiwa na jina langu kifuani, na furaha niliyokuwa nayo sikuwahi kuipata tena hata siku ya harusi yangu, marehemu mume wangu anisamehe. Ile ripoti ilibaki wodini. Hakuna aliyekuja Walukuba.

Kuanzia juma lile plasta zilihama kutoka kwenye vitanda kwenda kwenye mikono ya wagonjwa. Na mimi nikaacha kuuliza swali linaloweza kujibiwa ndiyo. Si "wewe ni fulani?" Ni "niambie jina lako," na kimya, mpaka aseme.

Baadaye nilihamishiwa Mbale, na mengine mmeyaona. Mliniona nikirudisha makasha ya dawa za msaada ambazo lebo zake hakuna aliyeweza kuzisoma, na mkubwa mmoja akiniita mkaidi. Mliniona wakati insulini ya nguvu mpya ilipokuja na mabomba yakawa bado ya zamani, ambayo alama zake zingetoa dozi zaidi ya mara mbili, nikiyakusanya yote na kuyavunja uani kwa nyundo. Nilitembea vichochoro vya Namatala nikiwaomba akina mama wasigawane vidonge vya rangi mbili, vile vya antibiotiki, kimoja kwa mtoto na kimoja kwa jirani. Wagonjwa wengi walikuwa askari, polisi na magereza, watu ambao "ndiyo, afande" iko mdomoni kabla ya swali kuisha. Mmoja wa magereza, nilipomwambia ataje jina lake, alijikaza kitandani na kunitajia namba yake ya kazi. Nikamwambia namba hatuichomi.

Sasa nimemaliza, na ninachokihisi ni wepesi. Miaka yote hiyo kila nilipovuta insulini gumba langu liliuma kidogo. Halijauma tangu nirudishe funguo za kabati.

Juzi nilikuja hapo kliniki. Mmeshajua, maana hamwezi kutunza siri: na mimi sasa nina kisukari, nadhani Nangobi anacheka huko aliko. Korido ilikuwa imejaa. Nesi aliyekuja na bomba alikuwa Nambozo, niliyemfundisha mwenyewe. Aliona haya. "Mama, wewe nakujua," alisema, akatafuta mkono wangu.

Nikauficha mkono nyuma. "Hunijui. Uliza."

Akacheka, kisha akasimama wima, mbele ya watu wote wale. "Mama, niambie jina lako."

Nilimwambia kwa sauti iliyofika mwisho wa korido, jina langu na la baba na la babu: Hawa Farajalla Rehani. Hakuna aliyegeuka. Nambozo akasoma kadi yangu, akasoma kichupa, akatikisa kichwa kukubali, nami nikampa mkono.